Waya wa Darini kwa Bi Zena

Kuna watu pale Kinondoni ambao wakikutana na mie barabarani leo hawatanijua, maana sura yangu hawakupata nafasi ya kuiangalia vizuri, ila miguu yangu wanaijua, waliiona yote miwili mchana kweupe ikiwa inaning'inia, na kama ni kuitambua wataitambua hata leo. Nasema hivi mapema ili nyie mnaopenda kucheka mcheke sasa hivi mmalize, kwa sababu huko mbele mkasa wenyewe hauchekeshi sana, angalau kwangu mie ambaye bado nauota.

Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea ukingoni, wakati biashara zimefunguliwa na Kariakoo unakuta kila duka lina televisheni inayoimba mlangoni. Mie nilikuwa karani kwenye ofisi moja mjini iliyokuwa inatoa mizigo ya watu bandarini, na nilikuwa nimepanga chumba Kinondoni, kwa mama mmoja mjane aliyeitwa Bi Zena. Nyumba ilikuwa ya zamani, ile ya korido katikati na vyumba huku na huku, uani jikoni na choo, na mbele baraza la saruji ambalo jioni halikosi watu. Mie natoka Bukoba, Mkristo, nimekuja Dar sijui hata kula wali wa nazi, lakini yule mama alinipokea kama nimetoka tumboni mwake. Nikirudi nimechoka nakuta sahani imefunikwa kawa mezani. Nikiumwa anakuja mlangoni, "Deo, mwanangu, umeamkaje?" Msuli wa kwanza kuuvaa maishani alinipa yeye, sikukuu ya Idi, akanifundisha na kuufunga (kuufunga sikuwahi kujua vizuri, na hilo mtaliona).

Sasa nyumba ile ilikuwa na simu. Marehemu mumewe alikuwa mkubwa fulani bandarini enzi hizo, akawekewa simu wakati mtaa mzima hauna, na simu ilikuwa bado ipo palepale koridoni, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, imefunikwa kitambaa cha kufuma na kwenye kile kiduara cha kuzungushia namba kuna kufuli dogo, ufunguo anao Bi Zena kwenye pindo la khanga. Simu ya nyumba ile ilikuwa ya mtaa mzima. Mtu akipigiwa na ndugu yake kutoka mkoani, Bi Zena anatoka barazani anaita jina, na mtu anakuja mbio.

Ofisini kwetu bosi akaleta intaneti. Ilikuwa kompyuta moja tu, kwenye chumba chake, na kifaa kidogo pembeni chenye taa, modemu, ambacho kinapiga simu chenyewe halafu kinalia kama paka aliyebanwa na mlango, kikishanyamaza ndo unaanza kupata barua kutoka Dubai na Bombei zimeandikwa asubuhi ileile. Mie nilipoona vile nilipagawa. Na nyie mnatujua Wahaya, jambo jipya likitokea sie tunataka tuwe tumeshalijua tangu mwaka juzi. Ofisi ilipobadilisha kompyuta nikachukua ile ya zamani, modemu nikaitafuta mpaka nikaipata, nikaweka vyote chumbani, na kabla hata sijajaribu nikawa nimeshatangaza ofisini kwamba mie nina intaneti nyumbani. Nikawaambia, njooni Jumamosi jioni mwone. Waliosema watakuja ni Kasimu, yule aliyekuwa anafunga kompyuta za ofisi, na Rehema, katibu muhtasi, ambaye kusema kweli ndiye niliyekuwa namtangazia yeye, wengine walisikia tu kwa sababu walikuwa karibu.

Basi nikajaribu. Bi Zena akanifungulia kufuli bila kuelewa nataka nini, nikavuta waya kutoka koridoni mpaka chumbani, nikawasha. Modemu ikapiga, ikalia, ikakata. Ikapiga tena, ikalia, ikakata. Kila ukiweka sikio kwenye simu unasikia mkwaruzo, khrrr, khrrr, kama mtu anakaanga dagaa. Nilipomweleza Kasimu akaniuliza nyumba ni ya lini, nikamwambia ya zamani sana, akasema, "Braza, hizo nyumba waya zake zimeshaoza. Na inawezekana kuna tawi, zamani wenye nyumba walikuwaga na simu ya pili chumbani, simu ikaondolewa waya ukabaki. Waite watu wa simu waje wauondoe." Watu wa simu nikawaendea, wakaniambia watakuja, ila si wiki hii.

Nikamwambia Bi Zena kwamba basi naomba nipande darini mwenyewe nikaangalie. Akaniangalia. Wakati huo nyumba ilikuwa kwenye shughuli, binti yake wa mwisho, Mwajuma, sie tulimwita Mwaju, alikuwa anaolewa Jumapili hiyo, na wanawake walishaanza kujaa, mashangazi, mabinti, watoto mgongoni, vyungu uani.

"Deo, mwanangu," akasema, "subiri harusi ipite. Nyumba sasa hivi ni ya wanawake, hii si wiki ya mwanamume kupandapanda. Jumatatu panda mpaka juu ya bati ukitaka."

Nikasema, "Sawa, mama."

Na kweli nilisema sawa kutoka moyoni. Ningebaki na ile sawa yangu, leo ningekuwa nina mkasa mwingine wa kuwasimulia.

Jumamosi ikafika. Ofisini tulitoka mchana, Rehema akaniambia, "Deo, tunakuja jioni, usitukimbie," akacheka, na mie njia nzima nikawa nafikiria ile modemu itakavyolia halafu ikate mbele yake, khrrr. Nilipofika nyumbani nikavua suruali ya kazini kwa ajili ya joto, nikafunga msuli, nikachungulia uani. Wanawake wote nikawaona wako kule chini ya turubai, wanatwanga, wanacheka, bibi harusi katikati amekalishwa kwenye mkeka wanamsinga, ndo kule kumpaka liwa na manjano mwili ung'ae kabla ya kuolewa. Koridoni kimya, hakuna mtu. Nikajiambia, wao wako uani, mie nitakuwa juu ya vyumba vya mbele, napanda mara moja, naukata ule waya, nashuka, nani atajua.

Huo ndo uamuzi wenyewe. Ulikuwa mdogo hivyo.

Nikaweka meza koridoni na kiti juu ya meza, nikasukuma kile kifuniko cha darini, nikajivuta juu na tochi yangu mdomoni na koleo mkononi. Darini kwenye nyumba zile kuta za vyumba haziendi mpaka kwenye bati, kwa hiyo juu ni uwanja mmoja tu, giza, joto la kuiva ndizi, utando wa buibui unakukumbatia usoni, na chini ni silingibodi za tangu uhuru zimegongelewa kwenye mbao nyembamba, ukikanyaga mbao umepona, ukikanyaga bodi shauri yako. Nikawa natambaa juu ya mbao. Waya nikauona. Ulikuwa mweusi, umevikwa kitambaa kimeliwa na panya, na Kasimu hakukosea, ulipofika katikati uligawanyika, mmoja unateremka koridoni kwenye simu na mwingine unaendelea mbele, kwenye chumba kikubwa cha mwanzo kilichokuwa cha marehemu mzee.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba wakati mie natambaa, kule uani jua lilikuwa limegeuka likaanza kuwapiga pale kwenye mkeka, na manjano ilikuwa inamkaukia bibi harusi, kwa hiyo kungwi wake akasema tuingieni ndani. Wakaingia wote kwa mlango wa uani, wakapita koridoni, meza yangu na kiti wakaviona (baadaye waliniambia walidhani kuna mtu anafunga mapambo), wakajaa kwenye chumba kikubwa cha mwanzo. Mie nikasikia sauti zinakaribia, nyimbo, kigoma kidogo, nikadhani ndo vile sauti zinavyosafiri darini. Nikazima na tochi nisionekane kwenye nyufa, ujinga juu ya ujinga. Nikaushika ule waya nikauvuta ili nijue unaishia wapi. Ukagoma. Nikavuta tena. Ukagoma. Nikajiweka sawa, miguu huku na huku ya mbao, nikauvuta kwa hasira zangu zote za wiki nzima, na waya ukakatika.

Nilirudi nyuma, mguu mmoja ukatafuta mbao ukakuta bodi, na bodi ikaniachia. Mguu wa pili ukaufuata mwenzake kama ndugu. Nikajikuta nimekwama kwapani, mikono na kichwa viko darini kwenye giza na mwili wote uliobaki uko chumbani kwa bibi harusi. Msuli wangu ulikuwa umenasa kwenye msumari, ukabaki huku juu na mie. Kule chini ilibaki bukta yangu ya mpira, ambayo kwa mbele ilikuwa nzuri tu.

Kigoma kikanyamaza. Kuna kimya nilikisikia pale ambacho sijakisikia tena popote, si kanisani wala msibani. Halafu mtu akapiga yowe, halafu wote, na nikasikia vishindo vya watu wanagombania mlango, vyombo vinapinduka, mtoto analia. Kuna mama mmoja hakukimbia. Yeye alinichapa. Alikuwa na mwiko au fimbo ya mwavuli, mpaka leo sijui, alikuwa anapiga miguu kama anapukutisha ukwaju, na kila pigo anauliza, "Nani wewe? Nani wewe?" na mie sauti yangu iko darini, namjibu, "Ni Deo, mama, mpangaji," lakini hanisikii. Aliyenisikia ni bodi, maana nilipotikisika nayo ikamalizika, nikaanguka mzima, mimi na vumbi la miaka thelathini na kinyesi cha popo, juu ya sinia la visheti.

Nilipofuta macho nikamwona Mwaju. Alikuwa amebanwa kwenye kona na kungwi wake amemfunika khanga, lakini uso niliuona. Ile manjano waliyoihangaikia siku nzima ilikuwa imeshika vumbi jeusi, na hina ya mikononi iliyokuwa haijakauka alikuwa ameikumbatia kifuani, imevurugika yote. Hakunitukana. Alikuwa anaiangalia mikono yake tu.

Nikasema, "Samahanini, natafuta waya."

Katika maneno yote ya Kiswahili ambayo mtu anaweza kusema akiwa amekaa kwenye visheti na bukta mbele za wanawake, hayo ndiyo niliyoyapata.

Yule aliyekuwa ananichapa nikaja kujua ni Bi Kidawa, shangazi wa bwana harusi, amekuja kutoka Temeke kuwakilisha upande wa waume. Akasema kwa sauti ya chini, ambayo ilinitisha kuliko yowe, "Kumbe nyumba hii ina mwanamume anayechungulia wanawake darini. Na sie ndo tunaoa humu."

Hapo Bi Zena akaingia mbio kutoka uani, mikono ina unga. Aliangalia juu, akaangalia chini, akaniangalia mie. Akavua khanga moja aliyojitanda, akanitupia, "Jifunge utoke."

Nikatoka barazani nimefungwa khanga ya mama yangu mwenye nyumba, na nje kumeshajaa. Vijana wa mtaani nao wameshapata habari yao, nasikia, "Kachungulia, kachungulia," na mmoja ameshaokota tofali. Aliyeniokoa na tofali ni mjumbe wetu, Mzee Salehe, nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka pale. Akaniketisha kwenye baraza, watu wakazunguka, akaanza kuniuliza taratibu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Haya, kijana, mle darini ulikuwa unatafuta nini?"

"Waya, mzee."

"Waya wa nini?"

"Wa simu. Kwa ajili ya intaneti."

"Ndo nini hiyo?"

"Ni... unakuwa na kompyuta, inapiga simu, halafu unasoma barua walizokuandikia watu wa mbali."

"Wewe umeshaandikiwa ngapi?"

"Bado sijaandikiwa."

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha kukusaidia. Mzee Salehe akasema, basi lete hiyo mashine tuione, kama ipo utakuwa na lako la kujitetea. Nikaona Mungu amenikumbuka. Nikaingia ndani, nikatoa kompyuta na modemu, nikaviunganisha kwenye simu pale koridoni, mjumbe kasimama kichwani pangu na watu wamejaa mpaka mlangoni, nikamwambia, sikiliza, mzee, italia. Nikainua mkono wa simu. Hakukuwa na mkwaruzo. Hakukuwa na mlio. Simu ilikuwa kimya kama chungu, kwa sababu waya niliouvuta na kuukata haukuwa ule wa tawi peke yake, yote ilikuwa imeng'ang'aniana kwa kutu, nimeing'oa pamoja.

Nikajaribu tena. Watu wanangoja. Na hapo ndipo nilipomsikia Bi Zena nyuma yangu akisema polepole, si kwa hasira, kama mtu anayejiuliza, "Simu imekufa? Na dada atapiga vipi?"

Dada yake huyo alikuwa Tanga. Ndiye ndugu pekee aliyebaki kwenye tumbo lao, mtu mzima sana, macho yameanza kuzima, na walikubaliana kwamba Jumamosi ile jioni atakwenda kwa jirani mwenye simu, atapiga kusema kama afya imemruhusu kusafiri na anapanda basi gani, ili mtu akamngoje stendi. Jirani yule namba yake Bi Zena hakuwa nayo, siku zote walikuwa wanapiga wao.

Niliisikia hiyo habari, lakini kusema kweli pale sikuijali inavyotakiwa, kwa sababu wakati huohuo nilikuwa nimemwona Rehema. Alikuwa amesimama na Kasimu nyuma ya watu, amevaa gauni zuri na kiatu cha kutokea, mkononi ana mfuko wa machungwa ya kumletea mwenyeji wake. Ananiangalia mie niliyefungwa khanga, nywele zimejaa utando wa buibui, nimeshika simu isiyolia. Kasimu akajitokeza akamwambia mjumbe kwamba ni kweli, hiyo kitu ipo, hata ofisini kwetu ipo. Mzee Salehe akamuuliza, "Na ofisini kwenu pia mnaifuata darini?" na safari hii watu wakacheka vizuri, yule mwenye tofali akaliweka chini. Rehema naye alicheka. Machungwa akamwachia mtoto aliyekuwa karibu, wakaondoka, na Jumatatu ofisini aliniita "Bwana Waya," akaniita hivyo mpaka nilipoacha kazi pale.

Lakini Bi Kidawa hakucheka. Akasema mbele ya watu wote kwamba wao hawawezi kumleta kijana wao Jumapili kuoa kwenye nyumba yenye mwanamume wa namna hii, na kwamba manjano kuingia uchafu na hina kufutika ni nuksi, na nuksi ina aliyeileta. Bi Zena akamsikiliza mpaka akamaliza. Halafu akasema, "Bi Kidawa, mie nimekaa na huyu, namjua. Hajachungulia mtu. Huyu ni mjinga, hana zaidi ya hapo. Manjano tutapaka upya, na hina tutapaka upya. Lakini neno la kuchungulia nakuomba usitoke nalo humu, kwa sababu atakayelibeba maisha yake yote ni mwanangu mie, si yeye."

Bi Kidawa akakubali kwa sharti, kwamba nisilale pale usiku ule.

Bi Zena alikuja mlangoni kwangu nikiwa naweka nguo kwenye begi. "Nakuamini, baba," akasema. "Lakini nyumba ina mabinti na ina majirani. Nenda kwa mwenzio yeyote, vitu vyako uje kuvichukua harusi ikipita. Na mambo yakitulia uje kunisalimia." Nilitaka kumwambia kitu, nikaona aibu hata kuinua uso, nikasema tu, "Sawa, mama." Sawa ileile. Nikaenda kulala kwa Kasimu, Vingunguti.

Jumatatu nikaja na mkokoteni. Nyumba imetulia, turubai limeshushwa, maganda na majani ya mgomba bado barazani, na kwenye mkeka kakaa bibi mmoja mzee amevaa buibui la safari, miguu ameinyoosha, imevimba. Nikaamkia. Bi Zena akatoka, akasema, "Dada, huyu ndo Deo, alikuwa mpangaji wetu. Deo, huyu ndo dada yangu wa Tanga."

Alikuwa amekuja. Jumamosi alipiga simu, akapiga, akapiga, haiiti, akafikiri labda ni mistari tu ina matatizo, Jumapili asubuhi akapanda basi akijua lazima kuna mtu atakayemngoja. Akashuka stendi hakuna mtu. Akakaa juu ya furushi lake kwenye jua, haoni vizuri, anaogopa kuuliza njia kwa watu asiowajua, anasema kila akisikia kijana anapita karibu anadhani ndo ametumwa. Mpaka msamaria mmoja akamwonea huruma akamleta. Alipofika bibi harusi alikuwa ameshachukuliwa. Huyo ndiye aliyemlea Mwaju alipokuwa mdogo, wakati Bi Zena anauguza mumewe.

Hakuna aliyenilaumu. Bi Zena alieleza kama anavyoeleza mvua iliyonyesha. Yule bibi mwenyewe hata sijui kama alijua waya ulikatwa na nani, alijisogeza kwenye mkeka akapiga pembeni yake kwa kiganja, "Kaa, mwanangu, unywe chai, umetoka mbali?" Nikasema nina haraka, mkokoteni unangoja. Nilipakia kitanda, kompyuta na ile modemu, nikaondoka bila hata kuangalia nyuma.

Na kumsalimia Bi Zena sikwenda. Nilisema nitakwenda mwezi ukiisha, nipeleke na kitu mkononi, bodi mpya za dari angalau. Mwezi ukaisha. Nikasema Idi. Idi ikapita nikasema nyingine. Mara moja nilimwona sokoni Magomeni, anachagua nyanya, amekonda kidogo, na mie nikajibanza nyuma ya magunia ya mkaa mpaka akapita. Kadiri nilivyochelewa ndivyo aibu ya kuchelewa ilivyopanda juu ya ile ya kwanza, mpaka ile ya kwanza ikawa ndogo. Intaneti niliipata baadaye kule nilikohamia, ikafanya kazi vizuri tu, nikawa naandikiwa na watu wa mbali kila siku. Mama aliyekuwa ananifunikia sahani, nauli mbili tu kutoka kwangu, sikumwandikia hata kwa kalamu.

Miaka mingi ikapita. Siku moja niko Mikocheni kwenye duka la dawa, nasikia, "Wewe si Deo?" Nikageuka nikakuta mama wa makamo na binti yake amemzidi urefu. Ilinichukua muda. Nilifikiria hata kukana. Alikuwa Mwaju.

Alicheka, akamwambia binti yake, "Huyu ndo yule mjomba aliyeshuka kwenye dari," na binti akaziba mdomo, kumbe hadithi anayo. Ndoa ilishika, ana watoto wanne, Bi Kidawa mwenyewe aliishia kuwa rafiki mkubwa wa mama. Nikauliza, "Mama hajambo?" na nilipokuwa nauliza nilishaliona jibu kwenye uso wake. Bi Zena alikuwa ameshatangulia mwaka uliopita. Dada yake wa Tanga alikuwa amemtangulia zamani.

"Alikuwa anakuulizia," Mwaju akasema. "Kila Idi. Anasema, huyu mtoto akija nitamlisha kwanza ndo nimtukane."

Nikamuuliza nyumba bado ipo, akasema ipo, anakaa yeye. Nikafuatana nao vilevile nilivyokuwa, na dawa zangu mkononi, sikupita hata nyumbani. Tulipofika nikavua viatu, nikakaa, nikamwambia Mwaju nimekuja kuhani. Akaniangalia kwa upole, akasema, "Kaka Deo, matanga yameisha zamani. Mwaka umeshapita."

"Najua," nikasema. "Lakini mie nimefiwa leo."

Alikwenda kuinjika chai, na mie nikabaki pale, mtu mzima mwenye mvi, nalia kwenye nyumba ya watu.

Sasa nyie mnaweza kusema funzo ni kwamba mtu asipande darini siku ya harusi, na hilo nalo ni kweli, mie darini sipandi tena hata nyumba ikivuja. Ila funzo langu ni jingine. Kosa la kuanguka watu walilisamehe siku ileile. Nilichokosea ni miaka yote iliyofuata, na hiyo hakuna aliyebaki wa kunisamehe. Siku hizi nikimkosea mtu narudi kwake kesho yake asubuhi, mikono mitupu hivyohivyo, anitukane nikiwa nimesimama mbele yake na yeye akiwa bado ana pumzi ya kunitukana.